Mitambo Huuawa kwa Kalamu

Kiwanda kinaposimama, macho yote huelekea karakanani. Huulizwa fundi gani alisinzia zamuni, mwendesha mtambo gani alisahau kutazama kipimo, mlinzi gani aliacha nyaya zikaibwa. Tume huundwa, barua za kujieleza huandikwa, na mwishowe mtu mmoja mwenye ovaroli chafu huachishwa kazi. Ni nadra sana kuulizwa swali lililo jepesi kuliko yote: katika miaka mitatu iliyotangulia, nani alikata fungu la matengenezo, na nani alifuta mafunzo ya fundi yule?

Swali hilo haliulizwi kwa sababu jibu lake halimo karakanani. Limo ofisini, ndani ya jalada la bajeti, na chini yake pana sahihi.

Hapana budi jambo hili lisemwe waziwazi. Mitambo mingi iliyokufa katika viwanda vya nchi hii haikufa kwa uzee. Iliuawa kwa kalamu. Kila fedha zilipopungua, mafungu mawili yalitangulia kukatwa: la matengenezo na la mafunzo ya wafanyakazi. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mishahara ikikatwa, kelele zitasikika kesho yake. Petroli ya magari ya wakubwa ikikatwa, kelele zitakuwa kubwa zaidi. Malighafi ikikatwa, uzalishaji utasimama wiki hiyo hiyo. Lakini grisi ikikatwa, mtambo hauna mdomo wa kulalamika. Utazunguka mwezi huu na mwezi ujao, pengine mwaka mzima, na yule aliyekata atasifiwa katika ripoti kuwa ni kiongozi hodari wa kubana matumizi. Siku mtambo unapovunjika, yeye amekwisha pandishwa cheo na kuhamishiwa kwingine. Anayebaki kujibu ni mwenye ovaroli.

JINSI MTAMBO UNAVYOKUFA

Watumishi wengi wanaopitisha bajeti za viwanda hawajapata kuona mtambo ukifa, na huenda hiyo ndiyo sababu kalamu yao ni nyepesi. Basi na ichukuliwe beringi moja tu. Kazi yake ni kuibeba shafti inayozunguka ili chuma kisisuguane na chuma. Hutaka grisi safi, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Ikikosa grisi, au ikitiwa grisi yenye vumbi, gololi zake huanza kukwaruzika. Shafti hutetemeka kidogo, mtetemo ambao mgeni hausikii, lakini fundi aliyefunzwa huutambua kwa kuweka kiganja juu ya kifuniko. Asipokuwapo fundi huyo, mtetemo hulegeza bolti. Bolti zilizolegea huiacha shafti ipinde. Shafti iliyopinda hula meno ya gia. Na gia inapokwama, mota inayoisukuma huungua. Kilichoanza kwa kopo la grisi humalizikia kwa mota nzima, na kwa wafanyakazi wanaokaa chini ya miti wakingoja kipuri kutoka ng'ambo.

Boila ni hivyo hivyo, ila lenyewe halisimamishi kazi tu, bali huua. Viwanda vya nguo, sukari, bia na ngozi huendeshwa kwa mvuke. Maji yasiposafishwa kabla ya kuingia bombani, chokaa iliyomo hugandamana ndani kama ukoko ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisipite kwenda kwenye maji. Moto huendelea kuliunguza bomba, chuma hulainika na kuvimba, kisha hupasuka. Vali ya usalama nayo ni chombo kidogo kilichowekwa ili mvuke ukizidi upate njia ya kutoka. Isipojaribiwa huganda kwa kutu, na boila lenye vali iliyoganda ni bomu. Mwezi Mei 2024, kupasuka kwa bomba la mvuke katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, kuliua watu zaidi ya kumi. Kutafuta chanzo cha ajali ile ni kazi ya wachunguzi, wala si ya ukurasa wa gazeti. Lakini tangu siku ile hakuna mwenye ofisi anayeweza kusema kuwa hajui nguvu ya mvuke.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka vyombo vya namna hiyo vikaguliwe. Hilo ni jema. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Anayekesha na boila usiku na mchana ni mfanyakazi wa zamu, na kama hakufundishwa maana ya mshale unaopanda kwenye kipimo, cheti cha ukaguzi kilichotundikwa ukutani hakitamwokoa.

VISINGIZIO VYA JANA

Nchi hii haina haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda vilijengwa kwa kasi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Vikafuata viwanda vya mbolea, zana za kilimo, ngozi, viatu, saruji na karatasi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, vingi kati ya viwanda vya umma vilikuwa vikizalisha chini ya nusu ya uwezo wake. Katika miaka ya 1990 vikaanza kubinafsishwa, na baadhi ya wanunuzi waliona faida zaidi katika kuuza vyuma chakavu na kugeuza majengo kuwa maghala kuliko kufufua mashine.

Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za kweli. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina. Fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikupatikana, na maji na umeme vilikatika kila mara. Anayeyakana hayo haijui historia.

Lakini ukweli huo uligeuzwa kuwa shuka la kufunikia uzembe. Upungufu wa fedha za kigeni ulizuia kununua mota mpya. Haukuzuia kufagia vumbi la pamba lililoiziba mota ya zamani. Ulizuia kuagiza beringi; haukuzuia kuandika daftarini tarehe beringi ilipotiwa grisi. Ulizuia kuleta mtaalamu kutoka Ulaya. Haukumzuia mhandisi kuteremka ngazi na kumfundisha kijana aliye mashineni. Kufagia, kukaza nati, kusikiliza, kuandika na kufundishana ni mambo matano yasiyohitaji dola hata moja. Wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakungoja fedha za kigeni ndipo waseme.

Hata agizo halikukosekana. Waraka wa Waziri Mkuu wa 1973 ulitaka mahali pa kazi pawe pia mahali pa elimu ya wafanyakazi. Ofisi nyingi zilitimiza waraka huo kwa kufungua madarasa na kuandika taarifa. Mtambo wenyewe haukugeuzwa kuwa darasa.

Mifano ipo. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza viatu vyake vingi katika masoko ya Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Jengo na mashine vilipatikana kwa mkopo, ustadi haukopeshwi. Huko Mang'ula, Morogoro, na huko Hai, Kilimanjaro, vilijengwa viwanda vya kutengeneza mashine na vipuri kwa msaada wa China na Bulgaria, ili viwanda vingine visingoje meli. Navyo vikakaa miaka mingi bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Mganga aliugua kabla ya wagonjwa wake, kwa ugonjwa ule ule.

Reli ya TAZARA inatoa somo la aina yake. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 ilikuwa na karakana zake kubwa Dar es Salaam na Mpika. Huo ulikuwa mwanzo mwema kuliko wa viwanda vingi. Lakini mafunzo si chanjo ambayo mtu huchanjwa mara moja katika maisha yake. Kizazi cha Beijing kilistaafu, vichwa vya treni vikaharibika kuliko vilivyotengenezwa, na reli iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka ikabeba chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/15.

BHOPAL ILILIPA KWA DAMU

Hasara hizo ni za mali, na Taifa limezilipa kwa fedha na kwa ajira za watu. Ziko nchi zilizolipa kwa roho za watu. Anayedhani kuwa kukata fungu la matengenezo ni jambo la hesabu tu na asome habari za Bhopal, India.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi la kemikali iitwayo methili isosianeti, katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide. Kemikali ikachemka, na tani zipatazo 40 za hewa ya sumu zikatandaa juu ya vibanda vya maskini waliolala. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Makadirio mengine, yanayohesabu waliokufa miaka iliyofuata, yanavuka 15,000. Waliojeruhiwa walizidi nusu milioni.

Kiwanda kile hakikujengwa bila vyombo vya usalama. Kulikuwa na mtambo wa kulipoza tangi: ulikuwa umezimwa tangu miezi kadhaa nyuma. Kulikuwa na mnara wa kuchomea gesi inayovuja: haukuweza kutumika, kwa kuwa kipande cha bomba lililoliwa na kutu kilikuwa kimeondolewa na hakijarudishwa. Kulikuwa na mtambo wa kuiosha gesi: haukuwa tayari kwa kazi. Kulikuwa na maji ya kurusha: hayakufika kimo ambacho gesi ilitokea.

Na watu je? Kiwanda kilikuwa kikipata hasara, na kalamu ilikuwa imekwisha pita. Waendeshaji wa zamu katika kitengo kile walikuwa wamepunguzwa kutoka 12 hadi 6. Nafasi ya msimamizi wa matengenezo wa zamu ya usiku ilikuwa imefutwa. Muda wa mafunzo ulikuwa umefupishwa. Vitabu vya maelekezo vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo baadhi ya wafanyakazi hawakuimudu. Kampuni ilidai baadaye kuwa palikuwa na hujuma. Hata kama dai hilo lingekubaliwa, mhujumu siye aliyeuzima mtambo wa kupoza, wala siye aliyefuta nafasi ya msimamizi. Hayo yaliamuliwa mchana, na watu waliovaa tai.

HOJA TATU ZISIZO NA MIGUU

Watetezi wa kalamu hawakosi maneno. Hoja yao ya kwanza ni kuwa fedha hakuna. Lakini siku mtambo unapovunjika, fedha huonekana. Kipuri huagizwa kwa ndege kwa bei ya haraka, wafanyakazi hulipwa mishahara wakiwa wamekaa, na wateja huenda kwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayejenga ukuta hana haki ya kusema hakuwa na fedha za kuziba ufa. Fedha za matengenezo hulipwa tu. Hiari iliyopo ni kulipa kidogo mapema au kulipa nyingi kwa kuchelewa.

Hoja ya pili ni kuwa mafundi wakifunzwa huhama. Ni kweli wengine huhama, hasa wanapoona kuwa cheti kipya hakikubadili mshahara wa zamani. Lakini fundi aliyehamia kiwanda kingine cha nchi hii hajapotea kwa Taifa. Wa kuogopwa ni yule asiyefunzwa, kwa maana yeye hahami. Hubaki na mtambo mpaka siku ya mwisho ya mtambo huo. Na waajiri wasijifiche nyuma ya tozo ya ufundi stadi. Kuilipa ni kutimiza sheria, na VETA, iliyoundwa kwa Sheria ya 1994, humpa kijana msingi. Mtambo uliomo kiwandani haufahamiki ila kiwandani.

Hoja ya tatu ni kuwa wataalamu waliouleta mtambo ndio watakaoutunza. Wataalamu hao huja kwa mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Siku ya kuondoka hubeba elimu yao kichwani, na kiwandani hubaki vitabu vilivyofungiwa kabatini kwa meneja, katika lugha ambayo fundi wa zamu haisomi.

Liko pia jambo linaloitwa mafunzo bila kuwa mafunzo. Wakubwa watano wanakwenda semina ya siku nne hotelini, wanalipwa posho, wanarudi na mikoba mipya, na ripoti inaandika kuwa fungu la mafunzo limetumika lote. Mwendesha mtambo hakuambiwa hata semina ilihusu nini. Fungu lililotumika hivyo lingekuwa heri likatwe, kwa kuwa wizi unaoandikwa kuwa ni elimu una dhambi mbili.

Wanaodhani kuwa utunzaji wa mitambo ni anasa ya nchi tajiri na waitazame Japani ya miaka ya 1970. Kampuni ya Nippondenso, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya magari, ilijulikana kwa utaratibu ambao kila mwendesha mashine alikuwa mtunzaji wa kwanza wa mashine yake. Yeye ndiye aliyeisafisha, kuitia mafuta, kuikaza na kuisikiliza. Fundi mkuu aliitwa kwa yale makubwa. Msingi wake ni kwamba anayesafisha mashine kwa mkono wake ndiye wa kwanza kuona ufa. Utaratibu huo ulianza kwa matambara na kopo za mafuta, na kwa meneja aliyekubali kuwa mtu wa mashineni ana akili.

ZAMU YA LEO

Jambo hili lingekuwa la historia tu kama nchi isingekuwa imerudi kujenga. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, limewekewa mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Hivi ni vyombo vya thamani kubwa na vya ufundi wa hali ya juu kuliko vile vya 1968, wala havisamehe ujinga. Treni ya mvuke iliweza kusukumwa miaka mingi kwa nyundo na ujanja. Treni ya umeme haina subira hiyo. Ustadi wa wajenzi hautaamua kama vyombo hivi vitafanya kazi baada ya miaka 30. Utakaoamua ni moyo wa mtumishi atakayeshika kalamu katika mwaka wa shida.

Hapo ndipo walimu wanapoingia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Ni hatua ya kushangilia, lakini karakana za shule za ufundi za zamani ziliachwa miaka mingi zichakae, na kijana hafundishwi kukereza chuma kwa picha ya mashine ya kukerezea iliyochorwa ubaoni. Shule itakayopewa mashine bila fungu la visu vyake na mafuta yake itamfundisha kijana somo moja tu: kwamba mashine ni kitu cha kusimama. Somo hilo atakwenda nalo kiwandani.

Na lugha isipuuzwe. Kiswahili kimekuwa lugha ya Taifa hili kwa miongo mingi, lakini fundi bado anapewa kitabu cha mtambo kwa Kiingereza, Kichina au Kituruki, kisha analaumiwa kwa kutokifuata. Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya ufundi hawajakaa karakanani hata siku moja. Mafundi wanayo maneno yao, nao wanaelewana. Kazi iliyobaki ni ya wasomi kuyaandika.

Yanayotakiwa hayahitaji tume. Kwanza, fungu la matengenezo na fungu la mafunzo ya kazi yasihamishwe kwenda matumizi mengine bila sababu zilizoandikwa, na jina la aliyehamisha lisomeke. Pili, ripoti ya kila kiwanda ieleze ni siku ngapi mitambo ilisimama, kwa nini, na ni wangapi kati ya waendeshaji, si wakubwa, waliofunzwa mwaka huo. Tatu, mkataba wowote wa kununua mtambo utaje vipuri vya miaka ya kwanza, mafunzo ya mafundi kabla ya kukabidhiwa, na kitabu cha Kiswahili. Nne, mtambo ukivunjika, uchunguzi uanzie kwenye jalada la bajeti, ndipo uteremke karakanani.

Siku za kuzindua viwanda huhudhuriwa na watu wengi, ngoma hupigwa, na mkasi hukata utepe. Siku ya kutia grisi haina ngoma wala mgeni wa heshima. Lakini uhai wa kiwanda umo katika siku hiyo isiyo na mgeni, na katika bajeti iliyoiwezesha kuwapo. Mtumishi atakayeketi mwaka huu mbele ya jalada lenye mafungu mengi kuliko fedha, na akumbuke kuwa kalamu aliyoishika ni spana kama spana nyingine. Inaweza kukaza, na inaweza kulegeza.